Skopu Ndogo ya Hesbon

Mume wangu Hesbon ni mtu wa adabu mpaka anakera. Nasema hivyo nikimpenda, lakini nasema. Ni askari wa wanyamapori, yuko kazini miaka ishirini na sita sasa, na kambini kwao Kitale mnyama akiwashinda wengine ndipo anaitwa yeye. Nyati akiingia shamba la mtu, mwite Hesbon. Chui akikwama kwenye banda la mbuzi, mwite Hesbon. Lakini mtu huyohuyo akimwona mama yangu barabarani anaruka mtaro na kujificha kwenye mahindi ya watu. Nimemwona kwa macho yangu, tena akiwa na yunifomu.

Sisi ni Wabukusu, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na uso kwa uso hawaangaliani. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameilegeza. Kwa kina sisi unapeleka blanketi na kondoo, wazee wanaketi, mnaruhusiwa angalau kusalimiana. Hesbon kila mwaka anasema Disemba. Disemba ikifika anasema tungoje Joy amalize shule. Joy ni binti yetu. Alimaliza shule, akamaliza chuo, sasa anafundisha Malakisi kwa kina babake, na blanketi bado iko juu ya kabati ndani ya nailoni yake.

Kwa hiyo miaka ishirini na tatu mimi ndiye simu ya hao wawili. Tukienda kwa mama, Hesbon anaishia kwa geti. Mama, akiwa nyuma ya nyumba, anasema kwa sauti, "Phelista, muulize Baba Joy kama amekunywa chai." Hesbon amesikia. Anakohoa, anasema, "Mama Joy, mwambie Mama nimekunywa." Naye amesikia. Na mimi niko katikati ya ua nikirudia kila neno, kama mtu wa kutafsiri mahubiri. Mara nyingine nachoka, nawaambia wasubiri nikae chini kwanza.

Mama yangu anaitwa Nanyama. Ana miaka sabini na nne na anaishi Saboti, kule juu karibu na msitu wa Mlima Elgon, peke yake tangu baba atuache. Sisi tuko Naitiri, upande wa Bungoma, na nimemwomba mara mia ahamie kwetu. Anajibu kwamba hawezi kulala kwa nyumba ya mkwe, na kwamba hata kama angeweza, kondoo angemwachia nani. Alikuwa na kondoo kumi na wanne. Amewapa majina ya akina mama wa kanisa lake, na hao akina mama hawajui hata kidogo.

Aprili mwaka huu fisi alianza kushuka. Alichukua mmoja, baada ya wiki akachukua wawili, halafu yule mnene mwenye jina la mwalimu wa kwaya. Alikuwa haji usiku wa manane kama fisi wengine. Huyu alikuja alfajiri, wakati watu wanafungua mifugo. Halafu siku moja alimng'ata Barasa paja akipeleka maziwa. Barasa ni jirani wa mama, kwake ni ng'ambo ya kijito, kwenye mgongo wa kilima unaotazamana na ua wa mama. Alishonwa nyuzi kumi na tisa. Hapo ndipo ofisi ya kina Hesbon iliandika barua kwamba huyo fisi auawe.

Kambini walitaka kutuma vijana wawili wakae ndani ya ua wa mama, fisi akija wammalize hapohapo. Mpango mzuri, si ndio? Mama akakataa. Alinipigia simu akiwa amekasirika. "Nimezaa msichana akaolewa na mtu wa bunduki," akasema, "halafu wageni ndio waje kulinda kondoo zangu? Watu wa Saboti watasema mkwe wangu ameshindwa. Mwambie Baba Joy aje mwenyewe."

"Mama, Baba Joy hawezi kuingia kwa ua wako na wewe uko hapo."

"Najua hawezi."

"Basi wewe njoo Naitiri siku mbili."

"Niachie nani kondoo?"

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Na kumbe hakuwa anangoja mtu wa kumlinda. Barasa ndiye aliyeniambia kwamba kila alfajiri mama anatoka, anaketi kwenye stuli ya kukamulia mbele ya banda la kondoo, panga kwa mapaja. Miaka sabini na nne, na meno ni matatu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kila simu ikilia asubuhi nilikuwa naiangalia kwanza kabla ya kuishika, nikijua ni Barasa anataka kuniambia mama ameliwa.

Hesbon aliposikia habari ya stuli alivaa kofia. Alienda kwa Barasa, akasimama juu ya kile kilima, akaangalia ng'ambo. Kutoka hapo mpaka banda la kondoo ni kama mita mia mbili. Alirudi akaniambia, "Nitampiga huyo fisi kutoka kwa Barasa. Sitakanyaga kwake. Lakini macho yangu haya hayafiki. Nitachukua skopu."

Ndiyo ile darubini ya kufungwa juu ya bunduki. Maisha yake yote Hesbon alipiga kwa jicho lake na chuma cha bunduki tu, na aliwacheka waliotumia vioo. Kwa hiyo nikajua imemgusa. Nilimfuata Kitale siku ya kuchagua, ati nina shughuli sokoni, lakini kusema kweli nilitaka kuona.

Fundi wa bunduki pale kambini ni Wachira. Babu zake walitoka upande wa Nyeri, lakini yeye alizaliwa Kitale na anajiita mwenyeji kuliko mahindi. Alitandika gunia kwenye meza ya nje na kupanga skopu tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, inavuta kitu karibu mara ishirini na nne. Ya pili ilikuwa ya kati, yenye taa nyekundu ndani. Ya tatu ilikuwa fupi, rangi imechubuka, inavuta mara nne tu.

"Mzee, chukua ya kati," Wachira akasema. "Ama hii ndogo. Alfajiri hutaki kitu ya kuvuta sana. Kadiri inavyovuta ndivyo inakuwa giza, na unaona mahali padogo sana."

Hesbon ana njia yake ya kupima. Alingoja mpaka saa moja kasoro robo jioni, jua limezama, akasimama kwenye veranda akimwangalia ng'ombe wa jirani kupitia kila kioo, akihesabu chuchu. Nisimcheke, aliniambia, kioo kikishindwa kuonyesha chuchu ya ng'ombe jioni, na alfajiri kitashindwa. Kwa ile ndogo alihesabu nne mpaka giza likaingia kabisa. Kwa ile kubwa chuchu zilipotea mapema, akabaki anaona weusi tu. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikaona hivyohivyo.

Halafu akachagua ile kubwa.

"Hesbon, si umeona mwenyewe?" nikamwuliza.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Siendi kumlinda mkwe na kitu imechubuka rangi."

Wachira alicheka mpaka akashika meza. "Haki nyinyi watu. Mimi na mama yake mke wangu tunakula sahani moja, tunabishana siasa mpaka chakula kinapoa."

"Ndiyo maana huna adabu," Hesbon akamjibu, akaifunga ile skopu kwa kitambaa na kuiweka kwa mfuko.

Lakini ana kanuni moja ambayo naisifu. Hafungi skopu kwenye bunduki kabla ya kuipeleka mahali pa kazi na kuangalia nayo kwa mkono, bunduki ikiwa imebaki kambini. Kwa hiyo kesho yake jioni tulikuwa kwa Barasa, yeye ameketi kwenye maharagwe, kioo kimeshikwa kwa mikono miwili kama chupa, anatafuta banda la kondoo. Anazungusha, anatafuta. Nilimwona akitulia. Halafu alitoa sauti ambayo siwezi kuandika, akaitupa skopu, akalala chali katikati ya maharagwe ya Barasa na kujifunika uso kwa kofia.

Nilidhani ameumwa na nyoka. "Nini? Ni nini?"

"Nimemwona Mama."

"Si yuko kwake? Ulitaka umwone nani?"

"Uso, Mama Joy. Uso wote. Alikuwa hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaketi. Yeye hakucheka. Alitoa kofia usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ana kovu hapa kando ya jicho. Ni ya nini?"

"Aliangukia jembe akiwa na miaka minane."

"Na amekonda. Alikuwa anaongea na kondoo. Amekuwa mzee sana, na wewe hukuniambia."

Kicheko kiliniisha. Ni kweli sikumwambia. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba habari za chai na za mbolea, na sikuwahi kufikiria kwamba hajui mama yangu anafanana vipi siku hizi. Alikuwa bado anamkumbuka mwanamke wa miaka hamsini aliyemwona mara moja, kwa haraka, siku ya kuleta ng'ombe za mahari.

Asubuhi tulirudi Kitale. Hesbon aliiweka ile kubwa mbele ya Wachira na kusema anataka ile ndogo.

"Umekubali ya alfajiri?" Wachira akauliza.

"Sikubali chochote. Nataka ya kuonyesha mtu mdogo. Awe kama kidole gumba, hivi. Hapo nitakuwa sijamwangalia."

"Unachagua skopu kwa adabu, bana."

"Funga," Hesbon akasema. Wachira akafunga, wakaenda kiwanjani kulenga bati mpaka risasi zikakaa pamoja.

Sasa nifike kwa kosa langu, maana sitaki mtu adhani nalificha. Jioni hiyo nilimpigia mama nikamsimulia. Nilidhani atacheka, na alicheka kweli, nilipomwambia jinsi Hesbon alivyolala kwenye maharagwe. Nikanogewa. Nikamwambia hicho kioo kiliona mpaka kovu lake la jembe. Kicheko chake kikakatika. Halafu akaniuliza mahindi ya Naitiri yamefika wapi. Kwamba skopu ilibadilishwa sikumwambia, kwa sababu mdomo wangu ulishamaliza sehemu tamu.

Jumanne kabla ya mapambazuko tulikuwa kwa Barasa. Hesbon alilala kifudifudi juu ya gunia, bunduki mbele yake. Wachira alikuwa kando na darubini yake ya macho mawili. Mimi niliambiwa nikae nyuma yao kwa mlango wa Barasa na nisipumue. Saa kumi na moja nilikuwa nimempigia mama. "Kaa ndani ya nyumba. Usitoke mpaka nikupigie."

"Sawa," akasema.

Mama yangu hajawahi kuniambia sawa namna hiyo, bila swali. Hapo ningepaswa kujua kuna kitu.

Fisi alikuja kukiwa kunaanza kupambazuka, mwanga ule wa kijivu. Nilimwona kama kitu kinachotembea tu. Alishuka kando ya ua, akapita penye ukuta ulioanguka, akasimama mbele ya banda la kondoo, ubavu wake umetuelekea. Kondoo walianza kulia.

"Mzee, hiyo ni yako," Wachira akanong'ona.

Hesbon hakupiga.

"Mzee. Ubavu wote uko wazi. Piga."

Niliona kidole cha Hesbon kikitoka kwa kifyatulio, pole pole. Halafu huyo mtu, ambaye hajawahi kujionyesha kwa mnyama akiwa anamvizia, akaiweka bunduki chini, akapiga magoti pale kilimani wazi kabisa, akaweka mikono mdomoni.

"Mama! Lala chini! Mama, lala!"

Sauti yake ilivuka kijito na kurudi. Miaka ishirini na tatu, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia bila kupitia kwangu. Nyuma ya banda, kwenye pembe, nikaona kitu chekundu kikianguka chini. Ilikuwa leso ya mama, na mama ndani yake.

Ile banda ni mabanzi tu na udongo uliopukutika. Risasi ingepita kwa fisi, ingepita kwa mabanzi, na mama alikuwa amesimama hapo nyuma, sawasawa kwenye mstari.

Fisi aliposikia kelele alikimbia kuteremka kijitoni. Alipofika ukingoni alisimama kugeuka kuangalia, vile hufanya. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa udongo, hapakuwa na mtu wala nyumba. Hesbon alikuwa ameshalala tena. Alipiga moja, na fisi akaanguka majini.

Wachira aliweka darubini yake chini. "Mimi sikumwona," akasema. "Niliona fisi tu." Akamgeukia Hesbon. "Hata wewe ungekuwa na ile kubwa, ungeona bega la fisi, basi."

Hesbon alitoa risasi kwenye bunduki, akampa Wachira, akaketi, akavua kofia. Nilimshika kichwa nikakiegemeza tumboni kwangu, akalia, na mimi nikalia, na Barasa na mguu wake wa nyuzi akaja kuuliza nani amekufa.

"Ni pembe tu ya leso," Hesbon akaniambia. "Pembe kidogo tu, huko mwisho kabisa wa kioo."

Nilivuka kijito mbio. Mama alikuwa ameshaketi kwenye stuli yake, matope mpaka kifuani, panga bado iko mkononi. Nilitaka kumkumbatia na kumgombeza, nikaanza na kugombeza. Nilimwuliza ni wazimu gani ulimtoa ndani ya nyumba.

"Nyumba yangu inaangalia huko kwa Barasa," akasema. "Mlango na dirisha, zote. Na wewe uliniambia hiyo kitu inaona kovu ya mtoto wa miaka minane. Itashindwa na pazia? Nilale huko ndani na nguo ya kulala, mkwe ananiangalia? Nikasema nitajificha nyuma ya banda, hapo hataniona."

Mmoja alikimbia kuona, mwingine akakimbia kuonekana, na mdomo wangu ndio uliowakutanisha. Niliketi kwenye matope kando yake nikamshika mkono.

"Mwambie Baba Joy amenichafulia leso," akasema.

"Nitamwambia."

"Mwambie nimesikia vile aliniita."

"Nitamwambia, mama."

Akawa anapangusa panga kwa nyasi. Halafu akaniuliza kama hicho kioo kinaweza kushikwa bila bunduki. Nikamwambia ndiyo. Akasema nikilete.

Nilivuka tena. Wachira alilalamika kwamba akiifungua itabidi aanze kulenga upya, na risasi za serikali si za kuchezea. Nilimwangalia tu, akaifungua. Hesbon aliniuliza naipeleka wapi. Sikumwambia.

Jua lilikuwa limetoka. Nilimwonyesha mama jinsi ya kuweka jicho mbali kidogo na kioo, nikamshika viwiko visitetemeke. Alitafuta, akaona miti, akaona ng'ombe wa Barasa, akanikemea nisimsukume. Halafu akatulia. Hesbon alikuwa bado ameketi palepale kilimani, kofia mapajani, jua usoni, hajui chochote.

Mama alimwangalia muda mrefu.

"Yule kijana ako wapi?" akauliza. "Hapa naona mzee tu. Kichwa yote ni mvi."

"Ndiye huyo, mama."

Alishusha kioo, akakiinua tena. "Phelista," akasema, "mbona hukuniambia mtoto wangu amezeeka?"

Nilimwambia nitamwita Baba Joy asogee kwa geti, kama ana neno la kumpelekea nilipeleke. Mama alinirudishia skopu. Alijifunga leso upya, matope na yote, akatembea mpaka ukingo wa ua wake, akasimama wazi akitazama ng'ambo.

"Baba Joy!" akaita mwenyewe. "Leta hiyo blanketi Jumamosi! Disemba ni mbali!"

Kule kilimani Hesbon alisimama wima, kofia mkononi.

"Ndiyo, Mama," akaitikia.

Na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua na kioo mkononi, sina kazi.